Taa za Madabodi Zikigoma Baada ya Kubadilisha Vipuri

Umebadilisha RAM, umetia feni mpya, au umehamisha kila kitu hadi kwenye madabodi nyingine (ubao mama, kwa wapendao Kiswahili cha vitabuni). Mashine inawaka, Windows inafunguka, gemu linacheza bila shida. Taa ndizo zilizogoma. Upande mmoja giza, feni moja nyekundu na wenzake bluu, au ule mstari wa taa ukingoni mwa madabodi umezima kabisa. Usitoke mbio kwenda Moi Avenue kutafuta kipuri. Ni taa chache mno zinazokufa kwa sababu tu ya kubadilisha kitu ndani ya kasha. Nyingi zimekosa umeme, au zimekosa data, au zimekosa amri ya programu, na ukiliangalia giza lenyewe vizuri litakuonyesha ni lipi kati ya hayo.

Mteja akiingia na kasha mikononi akisema, "Fundi, taa zimekufa," swali la kwanza ni, "Zimekufa wapi, kaka? Zote au kipande? Na kabla hazijafa, ulishika nini?" Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Aliyebadilisha prosesa ana tatizo lake na aliyebadilisha pawa saplai ana lake, hata kama giza linafanana.

Taa za pambo na taa za onyo

Ziko taa ndogo mno, kama punje za mchele, karibu na plagi kubwa ya pini 24 au pembeni mwa RAM. Hizo si pambo. ASUS huziita Q-LED, MSI huziita EZ Debug LED, na kando yake utasoma CPU, DRAM, VGA na BOOT. Mashine ikiwashwa hupokezana, kisha zote huzima. Moja ikibaki imewaka na skrini ni nyeusi, weka kando habari ya rangi: hapo kuna kipuri hakijakaa. Ikiwa ni DRAM, toa RAM, rudisha moja tu mpaka usikie mlio wa kufunga. Ikiwa ni VGA, angalia kama waya wa umeme wa kadi ya grafiki umerudi mahali pake. BOOT mara nyingi ni diski ambayo waya wake ulisahauliwa.

Wenye madabodi za AM5 (za prosesa za AMD) na RAM za DDR5 (kizazi cha tano) wana jambo moja zaidi la kujua. Ukibadilisha RAM au prosesa, au ukifuta mipangilio ya BIOS (programu ya ndani ya madabodi inayoiamsha mashine kabla ya Windows), taa ya DRAM inaweza kukaa dakika kadhaa huku skrini ikiwa kimya. Madabodi inaipima RAM ili ijue kasi gani inaistahimili. Watu huingiwa na hofu, wanazima, na kila wakizima kipimo huanza upya. Iache dakika 10 hadi 15 kabla ya kuhukumu.

Kinyume chake pia ni kweli: RAM inayong'aa rangi zote si ushahidi kwamba inafanya kazi. Pini zinazobeba umeme zikigusa vizuri taa zitawaka hata kama nyingine hazijagusa. Ingia BIOS usome ni GB ngapi zinazoonekana. Hapo ndipo penye ukweli.

5V au 12V: soma kabla ya kuchomeka

Hapa ndipo taa zinapouawa kwelikweli, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kuna aina mbili za heda za taa (zile pini za kuchomekea waya) kwenye madabodi. Ya kwanza ni RGB ya kawaida, pini 4, volti 12. Pini moja hubeba 12V, na tatu zilizobaki ni za kijani, nyekundu na bluu. Taa zote za mkanda hupata rangi moja kwa wakati mmoja. Ya pili ni ARGB, volti 5, pini 3 zenye pengo: 5V, data, nafasi tupu, kisha hasi. Hii kila taa ina chipu yake na inaweza kupewa rangi yake. Ndiyo hufanya zile rangi kutembea kama upinde wa mvua.

Majina yaliyoandikwa kando ya heda hutofautiana. MSI huandika JRGB kwa 12V na JRAINBOW kwa 5V. Mpya zaidi huandika JARGB_V2. Gigabyte hutumia LED_C kwa 12V na D_LED kwa 5V, na sasa ARGB_V2. ASRock huandika RGB_LED na ADDR_LED. ASUS huandika RGB_HEADER au AURA RGB kwa 12V, na ADD_HEADER au ADD_GEN2 kwa 5V. Ukikuta ARGB, D_LED, ADD, ADDR au RAINBOW, hiyo ni ya 5V; AURA RGB isikudanganye kwa A yake, ni ya 12V. Baadhi ya Gigabyte za zamani zina jampa (kofia ndogo ya plastiki inayounganisha pini mbili) kando ya D_LED ya kuchagua 5V au 12V. Ukinunua madabodi ya mkono wa pili, iangalie hiyo jampa kabla ya kitu kingine, maana hujui mwenyewe wa kwanza aliiacha wapi.

Mkanda wa 5V ukichomekwa kwenye 12V huungua papo hapo. Umeme kwenye ARGB huzifikia taa zote sambamba, kwa hiyo si ile ya kwanza tu inayokufa. Mara nyingi zote huenda pamoja, na harufu utaisikia. Plagi nyingi za ARGB zina tundu la tatu lililozibwa ili zisiingie kwenye pini 4, lakini nyingine zimeachwa wazi na huingia bila kinyongo. Na yuko fundi ambaye akiona haiingii, hukata pini. Usimpe kasha lako.

Kosa la pili linafanana: feni ya PWM (ile ambayo madabodi huipangia kasi) nayo ina pini 4, na heda yake iko karibu na ile ya RGB. Plagi ya feni ina mifereji miwili pembeni inayoshika ubavu wa plastiki. Ya RGB haina, ila huwa na mshale mdogo upande wa 12V. Mshale wa plagi ukutane na pini iliyoandikwa 12V. Ukiigeuza, kwa kawaida hakiungui kitu, ila rangi zitakataa au hazitawaka. Zima, geuza, basi.

Yote haya hufanywa mashine ikiwa imezimwa na waya umetolewa ukutani. Kuzima kutoka Windows hakutoshi. Pawa saplai ikiwa bado imechomekwa, kuna volti 5 za kusubiri zinazotembea kwenye madabodi usiku kucha.

Kulisoma giza

Giza ni lipi?

Taa zote zimezima, za madabodi, za feni, za mkanda, lakini RAM inawaka. Hili ni la BIOS au programu. RAM haina waya wa taa. Hupata umeme kutoka kwenye nafasi yake na isipopewa amri huwaka rangi zake za kiwandani. Zingine zimeambiwa zizime.

Kinyume chake: madabodi na feni ziko sawa, RAM inazunguka rangi zake na kukataa kufuata wengine. RAM mpya hiyo, programu haijaitambua. Tutalifikia.

Feni zote zinazunguka lakini hazina taa, ilhali madabodi inawaka. Feni yenye taa ina waya mbili, mmoja wa kuzungusha na mwingine wa taa. Huu wa pili umesahauliwa, au habu inayogawa taa imekosa umeme wa SATA. Ukibadilisha pawa saplai hili ndilo la kwanza kutazama. Habu hufungwa nyuma ya kasha, upande usiofunguliwa, na plagi yake ya SATA ni nyepesi kuliko zote, ndiyo husahaulika.

Feni ya kwanza inawaka, ya pili inawaka, ya tatu na ya nne giza. Hii ni data, na inastahili kueleweka. Kwenye ARGB, data huingia taa ya kwanza kama foleni: kila chipu hujichukulia biti zake 24, yaani 8 za kila rangi, halafu husukuma zilizobaki kwa jirani. Chipu moja ikikatika, umeme unaendelea kupita lakini data inaishia hapo. Kwa hiyo tafuta mahali giza linapoanzia. Kosa liko kwenye taa ya kwanza iliyozima, au kwenye ya mwisho inayowaka, au kwenye kiungo kati yake. Kwingine usihangaike. Ukitoa feni ya katikati ili upate nafasi ya kipozaji kipya, umekata mnyororo. Unganisha iliyo kabla na iliyo baada.

Na mnyororo una mwelekeo. Plagi moja ni ya kuingizia data, nyingine ya kutolea. Mkanda ukigeuzwa, umeme hufika na data hugonga ukuta. Kwenye mikanda mingi kuna mishale midogo iliyochapwa. Ielekee mbali na madabodi.

Mkanda unawaka nusu, na inayowaka iko sawa kabisa, haipepesi. Kabla ya kushuku waya, fungua programu usome idadi ya taa. Ukifunga madabodi mpya, au ukisakinisha programu upya, idadi hurudi ya kiwandani. Mkanda wako una taa 60, programu imeandikiwa 30, itawasha 30. Hesabu kwa mkono, andika namba halisi.

Rangi zimepishana: unachagua nyekundu, inatoka kijani. Si kuharibika. Vifaa vingine hupokea rangi kwa mpangilio wa nyekundu-kijani-bluu, vingine kwa kijani-nyekundu-bluu. Programu ya Gigabyte ina sehemu ya kusawazisha kwa ajili hiyo, na nyingi nyingine zina chaguo la RGB au GRB.

Nyeupe mwanzoni, machungwa mwishoni. Huu ni umeme kupungukia njiani. Taa nyekundu huhitaji karibu volti 2 kuwaka, kijani na bluu huhitaji karibu 3; volti ikishuka, bluu hufifia kwanza na nyekundu hubaki ikitawala. Chanzo ni waya mrefu wa kuongezea, splita (waya za kugawa plagi moja) nyingi, au taa zilizozidi. Taa moja ya ARGB ikiwaka nyeupe kamili hula hadi miliampea 60. Heda ya 5V kwa kawaida imewekewa kikomo cha ampea 3. Gawanya: ni taa 50 tu, kwa nyeupe kamili. Watu hutundika feni sita na mkanda juu ya heda moja kisha wakashangaa. Habu yenye SATA huchukua umeme wake kutoka kwenye pawa saplai na kuchukua data tu kwenye madabodi. Kwa mzigo kama huo ndiyo njia. Soma kitabu cha madabodi, maana kikomo hutofautiana. Heda za 12V za Gigabyte fulani ni ampea 2 badala ya 3.

Amri: BIOS kwanza, Windows baadaye

Ukibadilisha prosesa au kutoa betri, BIOS mara nyingi hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Basi kama ulikuwa umezima taa usiku zitarudi, na kama ulikuwa umeziwasha kwa namna yako, mpangilio huo utapotea.

Kwenye ASUS, ukurasa wa kwanza wa BIOS una kitufe cha F4 kilichoandikwa AURA. Kidole kikiteleza hapo, taa za pambo zinaweza kuzimwa zote, na hata Windows haitaweza kuziwasha. Kuna chaguo linaloitwa Stealth Mode ambalo huzima mpaka taa za onyo, ukiliona, liondoe. Gigabyte imeweka yake chini ya Settings, kisha Miscellaneous, mistari miwili: LEDs in System Power On State, na nyingine ya taa wakati mashine imelala au imezimwa. Baadhi ya MSI zina swichi ndogo ya plastiki juu ya madabodi yenyewe, imeandikwa LED_SW1. Ni ndogo kiasi kwamba mkono unaobana kipozaji unaweza kuisukuma bila wewe kujua. Chukua tochi, uitafute.

Malalamiko ya upande wa pili: mashine imezimwa, taa zinawaka usiku kucha na chumba ni cha kulala. Tafuta ErP, chaguo la BIOS la kuokoa umeme. Kwenye ASUS iko Advanced, APM Configuration. MSI iko Power Management Setup. Gigabyte iko Platform Power. Iwashe, na umeme wa kusubiri utakatwa mashine ikizimwa. Gharama yake: simu haitachaji tena kwenye USB wakati mashine imezimwa, na kuwasha mashine kwa kibodi au kupitia mtandao kutakoma.

Sasa Windows. Sheria ni moja: programu moja ya taa, si tatu. Armoury Crate ya ASUS, MSI Center, Gigabyte Control Center, Polychrome ya ASRock, iCUE ya Corsair, zote zinapigania njia ileile ndogo ya data inayokwenda kwenye RAM. Mbili zikiandika kwa pamoja, RAM hupepesa, hukwama kwenye rangi moja, au kijiti kimoja hubaki nyuma. Ukihamia kutoka madabodi ya ASUS kwenda MSI bila kusakinisha Windows upya, ya zamani ingali mle ndani inafanya kazi kimyakimya. Iondoe kwanza. Armoury Crate haitoki yote kwa njia ya kawaida. ASUS wana kifaa chake cha kuiondolea, Armoury Crate Uninstall Tool, kipakue kutoka kwao. Washa upya, ndipo utie ya madabodi mpya.

Windows 11 nayo tangu 2023 ina sehemu yake ya taa, Dynamic Lighting, ndani ya Settings, Personalization. Ikiwashwa, huweza kunyakua vifaa kutoka kwa programu yako. Amua nani mwenye usukani, mwingine mzime.

RAM mpya isiyotambuliwa: fungua BIOS, upande wa mipangilio ya kumbukumbu, uangalie kama kuna mstari wa SPD Write Disable. Ukiwa umewashwa, unaweza kuzuia programu kuiandikia RAM rangi. Vilevile ulinzi wa Windows huzuia draiva za zamani ambazo programu hizi huzitumia kufikia vifaa, mfano WinRing0. Dawa ni kusasisha programu ya taa. Kuzima ulinzi wa Windows kwa ajili ya rangi ni kuuza nyumba ununue pazia.

Dakika moja ya kukamua umeme

Kabla ya kushika bisibisi, jaribu hili, maana hutatua mengi na halina gharama. Kuzima na kuwasha Windows hakuizimi chipu inayoendesha taa. Ile hula umeme wa kusubiri, kwa hiyo ikichanganyikiwa inaendelea kuchanganyikiwa hata uwashe upya mara kumi. Huku kwetu stima ikipotea na kurudi mara mbili ndani ya dakika moja, chipu hizi hukwama sana.

Zima mashine. Bonyeza swichi ya nyuma ya pawa saplai iwe 0. Chomoa waya ukutani. Bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie sekunde 30. Pengine feni itajitikisa kidogo au taa itawaka mara moja na kufa, huo ni umeme uliobaki kwenye kapasita ukitoka. Ngoja dakika moja, rudisha waya, washa.

Ikishindikana, futa BIOS. Waya ukiwa bado nje ya ukuta, tafuta pini mbili zilizoandikwa CLRTC au JBAT1 na uziunganishe kwa ncha ya bisibisi sekunde 10, au toa betri ya CR2032 dakika 5. Betri hiyo ipime ukiwa nayo mkononi. Mpya ni volti 3. Ikishuka chini ya 2.7 itupe. Mashine ambayo kila stima ikipotea husahau taa na saa pamoja haina shida ya taa, ina betri iliyochoka. Ila kabla ya kufuta, kama diski yako imefungwa na BitLocker (kufuli la diski la Windows), hakikisha una ufunguo wake wa kurejesha. BIOS ikirudi mwanzo unaweza kuulizwa.

Kupima kwa mita

Weka maltimita kwenye DC, 20V. Waya mweusi ugusishe chuma tupu cha kasha, pasipo rangi. Washa mashine. Kwa ncha nyekundu gusa pini ya 5V ya heda ya ARGB, ile iliyo pembeni upande wa pini mbili zilizoshikana. Unatarajia kati ya 4.75 na 5.25. Kwenye heda ya 12V unatarajia kati ya 11.4 na 12.6.

Mkono usitetemeke. Pini ya data iko ubavuni mwa ile ya 5V, umbali wa milimita mbili na nusu, na ncha ya mita ikiziunganisha unaisukuma 5V ndani ya chipu ya taa ambayo mpaka hapo ilikuwa nzima. Funga ncha kwa utepe wa gundi, acha milimita mbili tu za chuma.

Volti iko sawa na mkanda hauwaki: hamisha mkanda hadi heda nyingine ya aina ileile. Ukiwaka, heda ya kwanza imepoteza data. Usipowaka, mkanda ndio mgonjwa. Volti ni sifuri: heda imekatika, pengine kwa shoti siku ya kubadilisha vipuri. Nyingine zina kinga inayojirudisha yenyewe ukichomoa kila kitu na kungoja. Nyingine fyuzi yake ni ya mara moja. Kubadilisha fyuzi hiyo kwa lehemu kunawezekana kwa mwenye mkono, lakini mara nyingi haina haja. Kontrola ndogo ya taa inayokula SATA, yenye kitufe au rimoti, ni nafuu mno kuliko madabodi, na inafanya kazi hiyohiyo bila kuigusa heda iliyokufa.

Pawa saplai, vipozaji, na mashine za ofisini

Ukibadilisha pawa saplai, badilisha na waya zake zote. Waya za pawa saplai za kuchomoa hufanana upande wa kifaa, lakini upande wa pawa saplai kila kiwanda kina mpangilio wake. Waya wa SATA wa kampuni moja kwenye pawa saplai ya nyingine unaweza kupeleka 12V mahali pa 5V, na hapo huunguzi taa tu, unaaga habu na diski pamoja. Fundi anayekuambia "zote ni sawa" kwa sababu imeingia, chukua mashine yako.

Kipozaji cha maji hutumia waya kadhaa: wa pampu, wa SATA, na mara nyingi wa USB wa pini 9 unaokwenda kwenye heda ya USB 2.0. Ukikitoa ili ubadilishe prosesa, huo wa USB ndio hubaki unaning'inia. Pampu itazunguka, joto litakuwa sawa, lakini kichwa chake kitabaki giza au na rangi ya kiwandani, na programu haitakiona. Madabodi ndogo huwa na heda moja tu ya USB 2.0 na tayari imechukuliwa na tundu za mbele za kasha. Hapo chagua, au tafuta habu ya ndani ya USB. Kipozaji cha AMD kiitwacho Wraith Prism nacho huchomekwa ama kwa USB ama kwa waya wa RGB.

Na zile Dell na HP za ofisini zilizotumika Ulaya, ambazo wengi huzinunua na kuzitia kadi ya grafiki ili ziwe za gemu: usitafute heda ya taa, haimo. Kila taa humo lazima iishi kwa kontrola ya SATA. Baadhi hutoa umeme wa SATA kupitia madabodi yenyewe kwa waya mwembamba, uliokusudiwa diski moja au mbili. Feni mbili za taa zinatosha, na mwanga uwe nusu.

Chumvi

Kwa wanaoishi Mombasa, kule Nyali, Likoni, Mji wa Kale, na popote upepo wa bahari unapoingia dirishani, ongeza jambo moja ambalo vitabu vya madabodi havilisemi. Hewa ina chumvi na unyevu, na pini za taa ni nyembamba. Zimekaa miaka miwili hazijaguswa, plagi imejishika na kutu yake. Siku ukichomoa na kurudisha, kile kigamba kinavunjika na mguso unapotea. Ndiyo sababu taa iliyokuwa nzima asubuhi hugoma jioni ingawa hukubadilisha chochote kwenye heda yake, umeisogeza tu.

Angalia pini kwa tochi na kioo cha kukuzia. Rangi ya kijani au unga mweupe ni kutu. Chovya mswaki laini kwenye alkoholi ya aisopropili, asilimia 90 kwenda juu, sugua polepole, acha ikauke nusu saa mbele ya feni. Spiriti ya kawaida ya duka la dawa huwa na maji mengi, na nyingine ina mafuta yanayobaki kwenye pini. Sandpepa usiitumie, inaondoa ile rangi ya dhahabu iliyokuwa ikizuia kutu. Kisha chomeka na kuchomoa plagi mara tano sita, mguso ujisafishe wenyewe.

Kama mashine imetoka chumba chenye AC kali na inaletwa kwa fundi kwenye joto la Kaskazi, usiifungue na kuiwasha papo hapo. Chuma baridi kikikutana na hewa yenye unyevu hutoa jasho kama glasi ya madafu, na tone moja kati ya 5V na data linatosha. Iache saa moja ikiwa imefungwa, ndipo ushike bisibisi.